Machungwa Kumi na Tisa Yaliyopita Mbele ya Saluni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi afande, mtaani naitwa Anti Suka
Umri: miaka 46
Jinsi: mwanamke
Kazi: msusi, mwenye saluni
Makazi: mtaa ulio chini ya soko, nyumba ya tatu kutoka saluni yangu
Uhusiano na anayelalamikiwa: shangazi yake na mlezi wake

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza haya kwa hiari yangu, sikutishwa na mtu wala sikuahidiwa kitu. Afande ameniomba niongee polepole ili mkono wake unifuate. Nimemwambia mdomo wangu mimi haujawahi kumsubiri mtu, lakini nitajitahidi.

Msichana anayelalamikiwa ni binti wa kaka yangu. Ninakaa naye tangu hajaota meno ya mbele. Sasa ana miaka kumi na sita na yuko sekondari. Mtaani wanamwita Kwanini, maana hilo ndilo swali lililomtoka mdomoni kabla hajajua kuomba maji. Hajawahi kupigana, hajawahi kuchukua cha mtu, na somo la fizikia hajawahi kushika namba mbili. Afande amesema habari ya fizikia haihusiani na shauri. Nimemwomba aiandike hivyo hivyo, ameiandika.

Likizo hii Kwanini alichaguliwa kwenda chuo cha uhandisi. Wana mpango wao pale: kila likizo ndefu wanachukua wanafunzi wachache wa sekondari, wanawaingiza maabara pamoja na wahandisi, na kila mmoja anafanya utafiti wa kweli, si wa kuchorachora ubaoni. Walioomba walijaa ukumbi, waliochukuliwa ni wanane tu. Wa kwangu ni mmoja wao. Siku majina yalipobandikwa nilifunga saluni mchana kutwa, jambo ambalo sikulifanya hata siku niliyong'olewa jino. Nilikwenda nikasimama mbele ya ubao ule mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Chuo kilimpa koti jeupe, buti za mpira na glavu. Koti lilikuwa kubwa kama turubai, nikalipunguza mikono mimi mwenyewe. Kwa hiyo mlalamikaji anaposema alimwona "kiumbe cha ajabu chenye vazi jeupe", ajue mikono ya hilo vazi imepita kwenye sindano yangu.

Sasa nieleze mtaro, maana bila mtaro hakuna shauri. Mtaro unaanzia sokoni, unashuka na mtaa wetu ukiwa wazi, unapita mbele ya mlango wa saluni yangu, halafu unazama kwenye bomba kubwa la zege karibu na ukuta wa karakana ya mlalamikaji. Kutoka hapo unakwenda chini kwa chini, unatokea ng'ambo ya uwanja wa mpira na kuingia mtoni. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa miaka yote. Lakini ikinyesha mvua ya maana, maji hayaendi mtoni, yanatukalia sisi. Mvua zilizopita yaliingia saluni mpaka rafu ya pili. Yaliondoka na viti vyangu vya plastiki, na mashine ya kukaushia nywele ikafa palepale.

Kamati ya mtaa ilikaa kujadili. Mlalamikaji ni mfyatua tofali za saruji, na sisi wote tunamwita Bwana Tofali. Siku hiyo alisimama akasema mtaro unazibwa na nywele za saluni. Nikamwambia, mbona hata wewe mtaro unakupitia? Akajibu mbele ya watu wote, na kila aliyekuwepo alimsikia: "Kwangu hakuna mtaro. Mtaro unapita nje ya ukuta wangu, haunihusu hata chembe." Anajua kuongea yule, tena ana sauti ya kipaza. Kamati ikamwamini yeye. Nikapewa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimehamisha saluni.

Nilirudi nyumbani, nikakaa mezani, chakula hakikupita. Kwanini aliniangalia tu. Hakuuliza kitu. Mtoto anayeuliza kwa nini kijiko kina shimo, siku ile hakuuliza, na mimi nikadhani ameogopa.

Wiki iliyofuata chuo kikawaambia kila mwanafunzi achague tatizo lake la kutafiti. Mmoja alichukua majiko yanayotumia kuni kidogo. Mwingine taa za jua. Wa kwangu akachagua mtaro. Nasema kweli, nilikasirika. Nilimwambia, "Mwanangu, wenzio wameingia maabara, wewe unarudi kwenye uchafu wa mlangoni kwetu? Hata hilo koti nililishonea nini?"

Akasema, "Shangazi, maabara yangu ndiyo hiyo."

Basi nikamwacha. Kila siku akawa anarudi na matope mpaka magotini. Alipima mteremko wa mtaro kwa kamba na chupa ya maji. Alijaza kopo maji ya mtaro, akasubiri yatue, akapima tope. Majirani wakaanza kunicheka, eti nimempeleka mtoto chuo kikuu kusomea uchafu. Niliwajibu wasubiri. Nilikuwa sijui tusubiri nini, lakini niliwajibu.

Jumamosi nilimkuta jikoni na ndoo ya machungwa ishirini, anayaandika namba kwa kalamu nyekundu, ile isiyofutika. Nikamuuliza kama sasa ameanza kuyapigia kura. Akaniambia yatatupwa mtaroni. "Machungwa haya ya kula?" Akanieleza kwa utaratibu, na mimi naeleza kama alivyonieleza. Chungwa likielea majini linazama karibu lote, linabaki kipara tu, kwa hiyo upepo haulisukumi. Linakwenda pale maji yanapokwenda. Tena likipotea halichafui mto, linaoza zake. Unaliachia juu, unamweka mtu chini alipokee, unajua maji yamepita wapi na kwa kasi gani.

Nikamuuliza kwa nini asitumie mipira midogo. Akasema mipira ingeokotwa na watoto. Nikamwambia, na machungwa je? Akacheka: "Shangazi, nani ataokota chungwa la mtaroni alile?" Nikakubaliana naye. Afande, hapo tulikosea wote wawili, nitaeleza mbele.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumatatu, majira ya saa tatu asubuhi, utafiti ulianza. Kwanini alikaa juu, sokoni, akiachia machungwa moja moja. Mwanafunzi mwenzake, msichana wa shule nyingine, alikaa kule mtoni na wavu. Mimi nilikuwa kituo cha katikati. Naomba ieleweke kwamba sikujiweka, niliwekwa. Mhandisi wa maji anayewasimamia ni mama mmoja mpole mwenye miwani. Yeye mwenyewe alikuja saluni akanielekeza: kila chungwa likipita mbele ya mlango wako, taja namba yake na ubonyeze saa hii. Akaniuliza kama nitaweza huku nasuka. Nikamwambia mimi ninasuka, ninapokea simu, ninagombana na mwenye nyumba, vyote kwa wakati mmoja.

Wateja wakanogewa. Lilipotokea la saba, mama aliyekuwa chini ya mashine alipiga ukelele, "Saba hilooo!" kabla yangu, ikabidi nimkaripie asije akatuharibia utafiti. Yalipofika kumi na mbili hakuna aliyekuwa anasukwa tena, wote wako mlangoni, vichwa vingine vina povu.

Nilihesabu machungwa kumi na tisa. La ishirini sikuliona. Kwanini alipokuja nilimwambia vilevile: kumi na tisa yamepita na kuelekea kwenye bomba, la ishirini sikuliona. Akaniambia, "Asante kwa kusema hukuliona, Shangazi. Wengi wangelibuni." Nimekuwa nikisifiwa kwa misuko maisha yangu yote, lakini kusifiwa kwa kutokuona, hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na niliipenda.

Mwenzake akarudi kutoka mtoni mchana, wavu mtupu. Halikutokea hata moja. Kwanini alikaa kwenye ngazi ya saluni na buti zake, machozi yanamlengalenga. Nikamwambia labda yalipita mkapitiwa. Akasema, "Shangazi, usinifariji. Nisaidie kufikiri." Ala! Mtoto niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu! Nilikaa naye pale ngazini tukafikiri. Hatukupata kitu, lakini tulifikiri.

Mhandisi alipokuja hakumlaumu. Alimwambia kwamba jibu ambalo halikutokea pale ulipolisubiri limetokea pengine, basi arudie Jumatano, na safari hii aachie chungwa kwenye mdomo wa bomba lenyewe. Alimkumbusha pia kwamba Alhamisi, yaani kesho, ndiyo siku ya kuonyesha kazi zao ukumbini, mbele ya wazazi na walimu na wakubwa wa chuo.

Leo Jumatano, tarehe 16, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa namsuka karani wa posta. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha. Nikasikia zogo upande wa karakana, nikatoka na kitana mkononi. Nilichokiona ni hiki. Kwanini alikuwa amechuchumaa kwenye mdomo wa bomba, nje ya ukuta, kwenye njia wanayopita watu wote. Hakuwa ndani ya eneo la mtu. Chungwa jipya alikuwa ameshaliachia, na alikuwa anahesabu sekunde kwa sauti ya chini. Bwana Tofali alikuwa amemshika mkono wa koti, anasema, "Nimekunasa, mchawi wee! Unayenitumia machungwa kumbe ni wewe! Sikieni anavyonuiza!"

Nikasikia mshono wa koti ukiachia. Ule niliouweka mimi. Hapo nilikuwa karibu kusahau kwamba mimi ni mtu mzima.

Nikamwambia, "Bwana Tofali, mwachie mtoto."

Akasema, "Mtoto mwenyewe wa nani huyu?" Na anamjua fika, tangu anatambaa.

Nikamwambia, "Wangu. Na mshono ni wangu. Achia vyote viwili." Akaachia.

Akaanza kueleza kwa ile sauti yake, watu wakajaa. Kwamba tangu juzi machungwa yenye namba nyekundu yanamtokea kwake. Kwamba vijana wake wa kufyatua wameweka makoleo chini, wamegoma, wanasema hizo ni namba za watu watakaokufa na hakuna anayejua yeye ni namba ngapi. Kwamba anapata hasara. Kwamba lazima twende polisi. Mimi nikasema twende. Kwanini akasema, "Twende, mzee, ila naomba nimalizie kuhesabu." Alihesabu mpaka alipopataka, akainuka, akajipangusa magoti. Nimeshuhudia.

Tulikuja kwa miguu. Bwana Tofali mbele, nyuma yake kijana wake mmoja kabeba machungwa kwenye mfuko wa saruji, kauweka mbali na mwili kana kwamba utamuuma. Kisha mimi na Kwanini. Na nyuma kabisa karani wa posta na nusu kichwa chake, maana alisema hawezi kubaki saluni peke yake bila kujua mwisho wake. Yupo hapo kwenye benchi mpaka sasa hivi.

Hapa kituoni mlalamikaji alitaka mtoto afunguliwe kesi ya vitisho vya kishirikina. Nikampigia simu mhandisi. Alifika anahema, akanivuta pembeni. Aliniambia chuo kina sharti: mwanafunzi akifunguliwa kesi, anaondolewa kwenye mpango siku hiyo hiyo. Hatapanda jukwaani kesho, na kazi yake haitasomwa na mtu.  Nilikaa kwenye benchi nikamwangalia mtoto yule na buti zake. Likizo nzima kwenye tope, majirani wanamcheka, na mimi nawaambia wasubiri. Sikuwa nawaza saluni tena. Saluni ningeihamishia hata chini ya ngazi ya mtu.

Afande akamwambia mlalamikaji aweke vielelezo mezani. Kijana akaumwaga mfuko. Machungwa yakabingirika kaunta nzima, moja likaenda kusimama kwenye mhuri wa serikali. Nikamtazama Kwanini nikijua sasa atalia. Haki ya Mungu, mtoto alikuwa anang'aa macho kama aliyeletewa ndugu zake waliopotea. Akasema, "Shikamoo afande. Naomba nisome namba zake tu. Sitayagusa."

Afande akamruhusu. Akasoma, midomo inacheza. Kisha akasema, "Yapo kumi na saba. Mzee, la nne na la tisa yako wapi?"

Bwana Tofali akasema hayo ndiyo yote, na asimwite mzee. Kijana wake akakohoa. Akakohoa tena. Mwisho akasema, "Nimeyala mimi."

Kila mtu akamgeukia.

"Niliyaosha," akasema. "Niliyala Jumatatu kabla hatujajua kama ni uchawi. Tangu siku hiyo silali, dada. Nasubiri tu."

Afande aliinamisha uso kwenye jalada, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hilo nalo nimeliona. Kwanini hakucheka. Akamwambia, "Hufi, kaka. Ila yale ni maji ya sokoni, nenda ukapime tumbo." Halafu akamgeukia mhandisi wake, akasema kama anatoa taarifa: "La nne na la tisa yalifika. Yameliwa."

Ndipo afande akamuuliza mlalamikaji aliyaokota wapi hasa machungwa haya.

"Kwangu."

"Wapi kwako?"

"Kwenye shimo la maji ya kufyatulia tofali."

"Shimo liko nje au ndani ya ukuta?"

"Ndani, afande! Ndiyo maana nasema ni uchawi! Ukuta ule mrefu, geti nimelifunga mwenyewe, yanaingiaje?"

 Hata karani wa posta aliacha kujipepea. Kwanini akasema kwa adabu, mikono kaweka nyuma, "Mzee, yanaingia na maji. Mtaro unapita kwako."

Bwana Tofali alijipangusa jasho kipajini.  Halafu, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Nilitoboa bomba kidogo tu nipate maji ya kazi. Na nikajenga kaukuta kadogo mle ndani ya bomba, yasipite yote. Maji yenyewe si yanapotea bure?"

Kigelegele kilinifika kooni. Afande alinitazama, nikakimeza. Miaka yote ile tunabeba viti kichwani, tunakausha magodoro juani, kumbe mtu kajenga kaukuta! Na nywele zangu ndizo zikasemwa! Nilisimama nikamwelekezea kitana, nikamwambia, "Haya, rudia sasa. Sema kwako hakuna mtaro." Nilikuwa sijawahi kujisikia hivyo tangu nizaliwe. Nilitaka mtaa mzima uwepo.

Na hapo ndipo Kwanini akasema, "Bado la ishirini."

Nikamwambia la ishirini halina neno, tukae tufurahi. Akasema, "Afande, la ishirini halikufika kwa mzee. Lilinaswa mbele ya saluni ya shangazi yangu, chini ya ubao wa kuvukia mtaro, kabla halijafika mlangoni. Lilikuwa limeshikwa na fundo la nywele. Nililitoa mimi leo asubuhi wakati yeye anaosha kichwa cha mteja, nilikuwa nimwambie jioni."

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Bwana Tofali aliruka kama aliyemwagiwa maji: "Mmesikia! Nywele! Kasema mwenyewe, mtoto wake mwenyewe!"  Nilimwambia Kwanini kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na hilo lilikuwa na lazima?"

Akaniambia, "Lilikwama kwenye kituo chako, Shangazi. Siwezi kuhesabu ya mzee nikaacha ya kwetu."

Kisha akamgeukia Bwana Tofali, hakupandisha sauti hata kidogo. Akamwambia, "Ni kweli, mzee. Nywele zimeshika moja. Shimo lako limeshika kumi na tisa."

 Mimi nilikuwa nimesimama na kitana changu, sijui nimlaze mtoto huyu kifuani au nimpigie saluti.

Mhandisi akaomba kusema kidogo. Alisema siku ile ya kuchagua tatizo alimuuliza Kwanini, kwa nini mtaro, wakati maabara ina vitu vizuri tele? Kwanini alimjibu, "Wanasema ni nywele za shangazi yangu. Nataka kujua kama ni kweli." Mhandisi akamuuliza, "Na ukikuta ni kweli?" Akajibu, "Nitamwambia mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu."

Sikuyajua hayo mpaka leo mbele ya kaunta hii. Usiku ule niliokaa mezani bila kula, nikidhani mtoto ameogopa, kumbe alikuwa ameshauliza swali lake. Aliliuliza kimya kimya na akaenda kulitafutia jibu kwa buti na kamba, na jibu lingekuwa mimi, angekuja kuniambia. Afande ameandika hapa kwamba shahidi alipumzika kidogo. Sikupumzika. Nililia. Aandike nililia, na aandike ni kwa fahari, asije mtu akasoma akadhani nimeonewa.

Baada ya hapo afande na mhandisi walikwenda karakana pamoja na mlalamikaji. Mimi nilibaki kituoni na Kwanini. Walichokikuta shimoni watakieleza wao, kwa sababu mimi sikwenda, na mtoto wangu amenifundisha kutaja kile kilichopita mbele ya mlango wangu. Nilichokiona ni kwamba afande alirudi ameshika chungwa moja jipya, linadondosha maji, ambalo Kwanini aliliachia leo kwenye mdomo wa bomba. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Kwanini alimuuliza walilikuta upande gani wa kaukuta. Hata asante alisahau, nikamkumbusha.

Mlalamikaji aliporudi alisema ameamua kusamehe, anaondoa lalamiko lake na anaomba machungwa yake arudi nayo. Afande akamwambia lalamiko aondoe akitaka, lakini machungwa yanabaki, na yeye mwenyewe akae asubiri, kuna maswali yake. Mtoto hana kesi. Afande amelisema hilo mbele yangu mara mbili, kwa sababu nilimwomba arudie.

Kilichobaki ni kwamba machungwa ni vielelezo vya polisi na kesho yanatakiwa ukumbini. Afande amesema hayawezi kutoka hapa bila askari, kwa hiyo atayaleta mwenyewe. Nami nimemwambia nitamwekea kiti cha mbele karibu na changu. Majirani wote walioambiwa wasubiri nao wamealikwa. Nimemwalika na kijana aliyekula, kama tumbo litamruhusu.

Maelezo yangu yameishia hapo. Afande amenisomea yote tangu mwanzo, na nimegundua habari ya chungwa la ishirini ameiruka. Nilipomuuliza alisema ameona haina uzito kwenye shauri hili, na tena si vizuri kwa biashara yangu. Ni mtu mwema na nia yake naijua. Lakini nimemwomba airudishe pale pale ilipokuwa, na kuanzia leo mtaro wa mbele ya saluni nitauwekea chujio. Mtoto ameisema akiwa amesimama. Mimi siwezi kuificha nikiwa nimekaa. Nywele ziandikwe.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maelezo haya yamechukuliwa na mimi, askari wa zamu, leo tarehe 16, na shahidi amesomewa, akayakubali na kusaini mbele yangu akiwa na kitana mkononi. Vielelezo vilivyopokelewa: machungwa 17 yenye namba. Namba 4 na namba 9 hazipo, zimeliwa. Namba 20 ilinaswa na nywele za saluni ya shahidi. Imeandikwa kwa ombi lake.